Udongo wa Cuba kwa Guka

Kageha uko? Shosho amenimaliza leo kwa kicheko, na hadithi ya bwanake, Guka.

Ni 1979, Huruma. Guka Mbuthia anapokea wazee waliokuja kumposa mamangu. Anataka wajue hawaoi kwa watu wadogo, basi anawasha siga, ile sigara nono aliyopewa na mdosi wake wa kazini. Miaka yote alikuwa ameificha kwa sanduku la blanketi la Shosho.

"Imesokotwa kwa mkono. Mnasikia hiyo harufu? Ni udongo wa Cuba."

Udongo, Kageha. UDONGO.

Wazee wanaivuta kwa zamu, wanakohoa kwa heshima. Mzee Patrobas, babake bwana harusi, machozi yanamtoka. "Kweli, udongo wetu haujafika hapa."

Shosho anachungulia kutoka jikoni.

"Mbuthia, nani amefungua sanduku langu? Nyumba yote inanuka ile dawa ya mende ninayowekea blanketi."