Muuza Nyama Asema Moyo wa Mama Hauwezi Kuugua

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kutoka hapa Emali, naomba unisaidie, na usinicheke kwa sababu mimi nilifika darasa la sita tu. Mama yangu alikuja kunisaidia kulea mtoto wetu Ndolo, na yeye si mtu wa kulala, lakini siku hizi akibeba maji anasimama njiani kutafuta pumzi, jasho baridi linamtoka, anasema taya linauma na mgongo, halafu anatapika, na kifua eti hakiumi sana, ni kama kimefungwa kamba. Bwana yangu Mutie ana bucha sokoni na anasema ugonjwa wa moyo ni wa wanaume, eti yeye amekata mioyo ya fahali na ya ng'ombe wa kike, ya kike ni laini, inajivuta tu, haiwezi kushikwa. Na hata hajamwona mama vizuri, kwa sababu sisi Wakamba mwanamume hakaribiani na mama ya bibi yake, ni heshima, kwa hivyo anampima akiwa nyuma ya mlango, "Mwambie ni gesi! Mpe soda!" Na yeye mwenyewe mwaka jana kifua kilimbana akakimbizwa hospitali na pikapu ya jirani yetu Kivuva, amenishika mkono ananigawia mbuzi za urithi, kumbe ni gesi ya matumbo aliyokula. Mama naye ananiambia, "Nthenya, usiaibishe bwana yako, nitapona." Nataka kumpeleka lakini naogopa watu watasema nimemkalia bwana kichwani. Nifanye nini?

Mama Ndolo, Emali

*

Mama Ndolo,

Pole sana. Lakini ungekuwa karibu ningekufinya sikio. Mama anatafuta pumzi, wewe unatafuta stempu?

Nimemuuliza daktari. Anasema moyo wa mwanamke huugua kama wa mwanamume, ila mara nyingi hupitia mlango wa nyuma: uchovu, pumzi kukatika, taya, mgongo, kutapika. Kifua kinaweza kubana tu bila kelele. Ndiyo maana watu humpa mama soda, halafu wanashangaa matangani.

Mutie ni fundi wa nyama, simkatai. Lakini mwambie mioyo yote aliyowahi kushika ilikuwa imeshakufa. Huu bado unapiga, na tunataka uendelee.

Mama asibebe maji tena, hata kikombe. Mwite Kivuva sasa hivi awapeleke hospitali. Mama akae mbele na dereva, Mutie apande nyuma, ampe mgongo na aangalie upande wa Mombasa, heshima itabaki salama. Watakaosema umemkalia bwana, waache waseme mama akiwa hai.

Na kama daktari atakuta ni gesi, rudini nyumbani mkicheka. Hata ya Mutie ilipanda pikapu.