Kidoti Changu cha Chai

Masharubu wangu,

Vifuko vitupu vya chai viko kwenye kopo la bluu. Tia kijiko kimoja cha majani kwenye kifuko, kaza uzi, tumbukiza kikombeni. Usikichane, chai itatoka yenyewe.

Uliponibusu mlangoni asubuhi, hayo masharubu yako yanayonasa majani ya chai ya sufuria yaliniachia jani moja shavuni, nikaenda nalo dukani bila habari. Mama muuzaji akashangaa: "Vifuko vya chai visivyo na chai?" Kisha akanitazama: "Kidoti hicho kimekupendeza."

Nimefika nyumbani, nimejiona kwenye kioo, mbavu sina.

~~Kuanzia leo ni vifuko tu.~~ Vifuko ni vya wageni. Wewe endelea na chai ya sufuria.

Nakimbilia kazini. Kidoti sijakifuta.

Mkeo