Wewe Upanga, Mimi Miguu

Mama Chelangat, mke wangu,

Tangu asubuhi situlii. Nimetoka nje kuona kama ng'ombe ana maji, nikakuta anayo. Nimeshuka hadi mwisho wa shamba kuwaangalia wachunaji, nikakuta wamemaliza na majani ya chai yamekwenda kituoni. Nimerudi, nimekaa, nimesimama. Mwishowe nimeamua kukuandikia, kwa sababu mtu anayeandika barua hulazimika angalau kukaa.

Jambo lenyewe ni la ule mchezo. Wewe unaujua mwanzo wake, lakini wengine watakaoisoma barua hii hawaujui, na mimi nilizaliwa na ugonjwa wa kueleza. Nivumilie. Ulikuwa umezoea.

Kiharusi kiliponipiga kiliondoka na mkono wangu wa kulia. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, lakini mkono ulibaki ukining'inia kama mkoba ambao mtu ameniachia nimshikie. Kule Kericho, yule binti mrefu, daktari wa viungo, alinipa mpira wa kufinya. Wewe uliyekuwa nesi maisha yako yote ukakaa mbele yangu kunihesabia, hadi ule mpira ukakuchosha wewe kuliko ulivyonichosha mimi. Ukanipa maharagwe mabichi niyatoe kwenye maganda. Nikayamwaga. Ukasema kuku angalau wamefurahi.

Kisha siku moja, ukipanguza vumbi kwenye kabati la televisheni, ukakuta mashine ya michezo aliyoiacha Kibet wetu alipokwenda kufanya kazi Mombasa. Uliiinua padi yake, ile ya vitufe inayoshikwa kwa mikono miwili, ukaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua embe sokoni.

"Hii kitu inatumia vidole yote, Baba Chelangat. Hebu tujaribu."

"Mimi, mwalimu wa historia, nicheze gemu?"

"Ulikuwa mwalimu. Sasa wewe ni mgonjwa. Kaa."

Nikakaa.

Ndani ya mashine mlikuwa na diski moja tu. Ilipowaka, tuliona ngome nyeusi juu ya mlima, madirisha ya vioo vya rangi, sanamu za wanyama wenye mabawa zikichungulia kutoka kwenye paa, na kinanda cha kanisa kikilia kama kwamba mchezaji wake amefiwa. Katikati ya hayo yote akatokea kijana mmoja wa koti refu la ngozi, lililofika vifundoni. Mgongoni ana upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe, na kila upande wa kiuno ana bastola. Alitembea kama mtu aliyechelewa na asiyejali kwamba amechelewa. Kazi yake ilikuwa kuua mashetani, chumba hadi chumba, mpaka amfikie bwana wa ngome. Jina lake lilikuwa la Kizungu na hukulipenda. Ukambatiza jina la kwetu, Kipkoti.

Mwanzoni ulifanya kama nesi. Uliweka vidole vyangu vya kulia juu ya vitufe, na vyako juu ya vyangu, ukavibonyeza pole pole. Lakini mashetani hawangoji mgonjwa. Kila tulipotafuta kitufe cha upanga, Kipkoti alikuwa chini tayari. Mwishowe ukaushika mkono wangu ukauweka gotini pangu. "Wewe pumzika kidogo hapo," ukauambia. Uliuambia mkono, si mimi.

Hivyo ndivyo tulivyoigawana ile padi. Mchezo ule ulitengenezewa mtu mmoja. Kidole gumba cha kushoto huongoza miguu. Mkono wa kulia hupiga upanga, hufyatua bastola na huruka. Mimi nilikuwa na mkono wa kushoto mzima, wewe ulikuwa na wa kulia. Tukaketi bega kwa bega kwenye kochi, padi katikati yetu, kama watu wawili waliobeba karai moja. Wewe upanga, mimi miguu.

Tulikufa sana. Mara nyingi nilikuwa sababu, kwa kuwa sikuweza kupita jengo zuri nisiseme neno.

"Unaona hayo matao, Mama Chelangat, yalivyochongoka juu? Huo ni ujenzi wa makanisa ya Ulaya ya kale. Walitaka macho ya muumini yapande yenyewe kuelekea—"

"Mwalimu, tembea! Tunapigwa!"

Kilichonishangaza zaidi ni alama. Nimesahihisha insha maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuona mtihani kama ule. Pembeni mwa kioo ilikaa herufi, na ile herufi haikuuliza kama umemshinda adui. Iliuliza umemshindaje. Ukirudia pigo lilelile, inashuka, kama insha ya mtoto anayeanza kila sentensi kwa "Halafu". Ukichanganya upanga na bastola, ukaruka, ukageuka, ukapiga kutoka upande asioutarajia, inapanda. Na kulikuwa na kitufe cha dharau. Ukikibonyeza, Kipkoti huacha kupigana, hujikung'uta vumbi begani, humpungia shetani mkono aje. Ni hatari, kwa kuwa wakati huo hana kinga, lakini herufi hupanda.

Wewe ulikipenda kitufe hicho kuliko vyote, na bado hukutosheka nacho. Ulimwongezea Kipkoti maneno.

"Kuja! Kuja hapa, sura kama kiazi ya Londiani! Na hiyo mabawa unaenda nayo wapi, si ni mvua?"

Unakumbuka akina mama wa kanisa walivyotukuta? Walikuja kwa ajili ya maombi ya nyumba kwa nyumba, nasi hatukusikia hodi kwa sababu ya mvua kwenye mabati. Walisimama mlangoni wakikutazama wewe, mweka hazina wao, ukimkata shetani vipande.

"Mama Chelangat," mmoja akauliza kwa upole mwingi, "hii sasa ni nini?"

"Ni mashetani," ukajibu bila kugeuka. "Tunayapunguza. Kaeni, chai iko kwa thermos."

Wakakaa. Na kabla ya kuomba, yule mkubwa wao alikuwa ameshaanza kukuonya: "Nyuma yako! Nyuma, nyuma!"

Pigo gumu kuliko yote lilikuwa lile la kurukia mbele. Ilibidi miguu isukumwe kuelekea adui na upanga upigwe kwa wakati mmoja, si kabla, si baadaye. Kwa mtu mmoja ni jambo la kichwa kimoja kuamuru mikono miwili. Kwetu lilihitaji makubaliano. Mwanzoni ulikuwa ukipiga kelele, "Mbele!" nami nikisukuma nimechelewa, na Kipkoti akikata hewa. Tuliendelea hivyo msimu mzima wa mvua. Kisha likaanza kutokea, mara moja moja, halafu kila mara.

Ndipo koo lako lilipoanza kusumbua. Kwanza lilikataa kimyet, ugali wetu, ukasema umepika ngumu. Kisha likakataa uji. Watu wa Bomet na Kericho hawahitaji kuelezwa ugonjwa huo, saratani ya koo. Karibu kila ukoo una wa kwao. Wewe ulijua kabla ya daktari. Nilikuona ukimeza maziwa siku moja, ukasimama na kikombe mkononi ukitazama dirishani, na sura yako ilikuwa ile ya nesi anayesoma karatasi ya mgonjwa wa mtu mwingine.

Sauti ilipopungua, tuliendelea kucheza. Hukuweza tena kumtukana shetani. Uliacha kitufe kiseme. Hukuweza kusema "mbele". Lakini bega lako lilikuwa kwenye bega langu, na nilisikia ukivuta pumzi kabla ya kupiga. Ukivuta, ninasukuma. Miaka yote ya ndoa yetu, Mama Chelangat, sijui kama niliwahi kukusikiliza hivyo. Herufi yetu ilikuwa ya juu kabisa katika majuma yale, wakati ulipokuwa mwepesi kama mtoto na blanketi limekufunika hadi kidevuni.

Tulifika kwenye mlango wa mwisho, ule mkubwa wenye minyororo. Ndani yake bwana wa ngome ameketi kwenye kiti kirefu chini ya dirisha la rangi. Tulimwita Mzee wa Kiti. Anakungoja ufike karibu ndipo anaposimama, bila haraka, na kuchomoa upanga wake. Alituua kila tulipoingia. Siku ile ya mwisho uliyoweza kuketi, alituua tena, ukaiacha padi mikononi mwangu, ukanivuta shati nikuinamie.

"Usiende kwa huyo mzee bila mimi," ukasema kwa sauti iliyobaki. "Ningoje."

Nikasema nitakungoja. Ulikufa kabla ya majani ya msimu huo kuisha kuchunwa. Tukakuzika upande wa juu wa shamba.

Nami nikangoja. Mchezo uliweka alama mahali tulipofikia, mbele ya ule mlango, na mimi niliwasha mashine baadhi ya alasiri, nikamtazama Kipkoti amesimama pale koti likipepea, nikaizima. Kibet alipokuja likizo aliona. Ni mtoto mwema na hana subira.

"Baba, nipe hiyo padi. Huyo namaliza saa hii, hata chai haitapoa."

"Usiguse."

"Basi anza upya, mwanzo kabisa. Yako peke yako."

Nilijaribu. Chumba cha kwanza tu, palipo na ngazi za mawe, nilizima. Kila kona yake ilikuwa imejaa kelele zako.

Juzi nilikwenda Kericho kwa yule binti mrefu. Aliushika mkono wa kulia, akajaribu kuvinyoosha vidole, navyo vikarudi kujikunja kama majani ya mti yaliyokaushwa na jua. Hakufurahi.

"Mzee, hii mkono huitumii."

"Naitumia kubeba."

"Kubeba nini?"

"Kubeba mkono wenyewe."

Alicheka, halafu akaacha. "Vikijikunja kabisa, hata sisi hatutaweza kuvifungua. Utavaa shati na mkono moja. Utakula na mkono moja. Unaishi na nani?" Nikamwambia ninaishi peke yangu. "Basi ni sasa, Mzee. Si mwezi ujao."

Nimekueleza yote haya kwa utaratibu kama somo la darasani, kwa kuwa sasa nafika kwenye neno lenyewe nalo linanisumbua. Nimesimama tena hapa katikati. Nimekwenda mlangoni nimerudi.

Nimeingia, Mama Chelangat. Nimeingia bila wewe.

Niliutoa mkono wangu pale gotini ulipouweka. Niliubeba kwa mkono wa kushoto, nikafungua kidole kimoja kimoja, nikaushikisha padi, na kabla sijaurudisha wa kushoto kwenye kitufe cha miguu, wa kulia ukateleza. Nikaanza tena. Mwishowe ulikaa. Nikampeleka Kipkoti mbele. Nilidhani mlango ule ukifunguka bila wewe, kitu fulani kitavunjika ndani yangu au ndani ya nyumba. Ulifunguka tu. Minyororo ikaanguka, kinanda kikalia, na Mzee wa Kiti akasimama bila haraka.

Kidole gumba changu kinafika kitufe kimoja, cha upanga. Bastola siifikii. Cha kuruka sikifikii. Kwa hiyo nilipiga pigo moja, lilelile, lilelile, na herufi ikakaa chini kabisa kama mtoto aliyeadhibiwa. Aliniua hata kabla sijamzunguka. Nikarudi. Akaniua. Nikarudi. Nilipojaribu lile pigo la kurukia mbele, nilijikuta nimetulia nikisikiliza pumzi. Hapakuwa na pumzi. Akaniua nikiwa nasikiliza.

Hapo nilikasirika, na si kwa mzee wa ngome. Nilikukasirikia wewe. Niliongea kwa sauti sebuleni, na kama akina mama wa kanisa wangekuwa mlangoni wangenisikia: "Ulikuwa nesi! Ulijua! Kwa nini uliniambia nikungoje?"

Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kutafuta sababu. Sababu za vita, sababu za watu kuhama, sababu za falme kuanguka. Andika, eleza, toa mfano. Sababu ya maneno yako sijaipata. Labda ulitaka kitu kimoja katika nyumba hii kisimame mahali ulipokiacha. Labda ulisahau kwa dakika moja kwamba unakufa, na dakika hiyo ilikuwa tamu. Labda uliogopa. Nimeyapima yote na kila moja linanifanya nisimame nitembee. Lakini yule binti alisema ni sasa, nawe usingemruhusu mgonjwa wako yeyote aukalie mkono wake kwa ajili ya ahadi. Ungempokonya ile ahadi ungeitupa nje.

Kwa hiyo ninakwenda kila alasiri. Sijamshinda. Mkono unauma, kuanzia gumba hadi kiwikoni, maumivu ya kweli, ya moto, na nilipompigia simu yule binti kumwambia alisema, "Vizuri sana," kama mtu aliyepewa zawadi. Jana kidole cha pili kilisogea kikagusa kitufe cha bastola. Hakikuwa na nguvu ya kukibonyeza. Kiligusa tu, kikakaa pale kinatetemeka, nami nikakitazama hicho badala ya kutazama upanga unaonijia.

Sijui kama nitamshinda. Sijui kama nikimshinda nitafurahi, au nitakaa mbele ya kioo cheusi nisijue alasiri ni za nini. Mvua imeshuka sasa kutoka upande wa Londiani, mabati yameanza, na stima haijapotea, taa ingali inawaka. Kuna mambo ningependa kukueleza zaidi, lakini mguu wangu umeshaanza kutikisika chini ya meza.

Nilikuahidi, na kwa muda mrefu nilitimiza. Sikungoji tena, mke wangu. Naingia.

Mumeo,
Baba Chelangat