Panya wa Marafiki

Jumapili, 5 Oktoba
Panya kapita juu ya kiatu cha Mahlon Satterthwaite katikati ya ibada! Mchana kweupe. Na kwa kuwa sisi Marafiki, hao wanaoitwa Quaker, huabudu kimya, hakuna aliyepiga kelele. Tumekaa tu, macho yametutoka, tunamsubiri Roho aseme. Mwishowe kasimama Mahlon mwenyewe, mwalimu mstaafu, ndevu hadi kifuani. Kasema ndani ya kila kiumbe mna nuru ya Mungu. Sawa. Ndani ya huyu mna pia nusu ya mkate wangu wa jibini, maana mkoba wangu kautoboa.

Jumatano, 8 Oktoba
Corinne, mwalimu wa chekechea yetu iliyo ghorofa ya chini ya kanisa, kanijia kanuna. Kakuta mavi ya panya kwenye mito ya watoto.

"Dru, mkaguzi wa afya akiyaona haya, shule inafungwa. Wewe si ndiye karani wao? Waambie wanunue sumu."

Nikamwambia Marafiki hatuui. Kanitazama kama nimemwambia hatuogi.

Jumapili, 12 Oktoba
Kikao cha kanisa. Ole wangu! Sisi hatupigi kura. Lazima wote tuwe na moyo mmoja. Mmoja akikataa, tunarudi mwanzo. Sumu? La hasha. Mitego? Ukatili. Nikasema basi tulete paka. Mahlon akauliza, kwa ule upole wake unaokera, paka ana tofauti gani na askari wa kukodiwa. Thomasin Yarnall, anayeimbisha kwaya ya watoto kila Jumamosi, akaongeza kwamba neno "panya" lenyewe lina dharau. Tuwaite majirani.

Majirani! Mimi jirani akinya kwenye mto wa mtoto, namshtaki.

Tumekubaliana: mitego ya kunasa bila kuumiza, na kamati. Kamati haikosekani. Corinne, ambaye ni Mkatoliki, tumemwajiri tu, akainua mkono: "Samahani, na watoto nao wana hiyo nuru, au nimekosea?"

Tukaingia kimya. Kimya chetu kinawafaa sana watu wasio na jibu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kila asubuhi Mahlon anawapeleka majirani msituni kwa gari lake la umeme. Anawaaga mmoja mmoja. Leo Corinne kanivuta jikoni. Jana, kabla hawajasafirishwa, alimpaka mmoja rangi ya kucha mkiani. Nyekundu. Na huyo hapo, karudi, anatafuna biskuti. Kanenepa!

Nimemwambia Mahlon. Kasema huenda huko msituni wapo wengine wenye mkia kama huo.

Jumanne, 21 Oktoba
Otis wa chekechea kaumwa. Ana miaka minne. Alikuwa kalala usingizi wa mchana, panya kamng'ata kidole. Nimewapeleka hospitali, yeye na mama yake. Kachomwa sindano ya pepopunda, kalia hadi sauti ikakauka. Mama yake hakunitukana. Aliuliza tu: "Mlijua?"

Nikasema tulikuwa na kamati. Mungu wangu. Hivyo ndivyo nilivyosema.

Kutoka hapo, moja kwa moja duka la vifaa. "Unataka mitego ya kuua au ya kubembeleza?" muuzaji akauliza. Ya kuua. Baba yangu alikubali kwenda jela kuliko kushika bunduki. Nimelelewa kwa habari hiyo kama kwa uji. Nilidhani nitashindwa. Sikushindwa! Nilitega vizuri, kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Hilo ndilo linaloniuma.

Corinne aliniona. Akanisogezea siagi ya karanga iwe chambo.

Jumamosi, 25 Oktoba
Naamka mapema, nazika waliokufa kabla mtu hajafika, navaa sura ya karani. Mkaguzi kaja jana, kazunguka, kaondoka anatabasamu. Na kamati inashangilia! Mahlon anasema majirani wametuelewa, uvumilivu umewagusa. Thomasin kadondosha machozi. Wanataka makala iende kwa makanisa yetu yote ya Pennsylvania: jinsi upendo ulivyohamisha panya bila tone la damu. Nani aandike? Karani, bila shaka.

"Una kalamu nzuri, Dru."

Nikasema asante. Asante! Miaka yote nawacheka hawa kwa kupenda mikono yao iwe safi, kumbe mimi ndiye ninayewanawisha.

Jumapili, 26 Oktoba
Naandika hapa hapa benchini. Wenzangu wanadhani natafakari. Mahlon kasimama. Anashukuru. Anasema imani isiyojaribiwa ni mapambo tu, na sisi tumejaribiwa, tumeshinda.

Pa! Chini ya sakafu.

Halafu mlio. Mwembamba, mrefu. Huyu hajafa. Kabanwa.

Hakuna anayefumbua kinywa. Ni ibada. Analia tena. Corinne leo kaja, kakaa nyuma. Anautazama mlango wa ngazi ya kushukia chekechea, kisha ananitazama mimi. Mtu lazima ashuke akammalizie, na ufunguo ninao mimi.

"Dru," Mahlon kasema taratibu, "ni nini hicho?"

Wote wamegeuka. Nilitarajia hasira. Siioni. Naona watu wanaoogopa nisije nikajibu.

Nasimama. Thomasin ananitikisia kichwa, polepole: usiseme.