Mshipa wa Baba

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, wifi na watoto, na safari hii siulizi kwa mazoea. Nataka kujua kweli. Bado unapanda jukwaa la ujenzi na mfuko wa saruji begani? Mimi ninaandika nikiwa wodini, kitanda cha dirishani, saa nne asubuhi. Usishtuke bado. Nisome taratibu, maana hata mimi naandika taratibu. Muuguzi ameshanitaka mara mbili niweke kalamu nipumzike.

Kazi yangu unaijua. Mwaka wa sita huu nakaa kwenye kiti kati ya daktari wa moyo na wagonjwa wake. Yeye anasema kwa lugha ya kwao, mimi nasema kwa yetu. Kuna siku alimwambia bibi mmoja kwamba moyo wake unashindwa kusukuma damu. Nilipomfikishia, bibi akanijibu, "Mwambie huyo daktari, moyo wangu haujawahi kushindwa na mtu, na waume wawili ni mashahidi." Tulicheka wote watatu. Lakini mara nyingi hakuna la kuchekesha. Daktari anasema vali imeharibika, mimi nasema mlango wa moyo haufungi vizuri. Anasema mshipa umetanuka na unaweza kupasuka, mimi nasema umelegea kidogo, mama, tutauangalia. Nilijiona nina huruma.

Wiki tatu zilizopita ililetwa mashine mpya ya kutazamia moyo, na fundi wake, ambaye tunamwita Mzee wa Jeli kwa ajili ya ule ute wa baridi anaowapaka watu kifuani, alitaka mtu mwenye afya wa kujaribia. Nikajitolea. Nilipanda kitandani nikimtania kwamba autafute moyo vizuri, asije akakuta umehamia tumboni. Naye alikuwa akinijibu. Kisha akasogeza kile kifaa alichokiweka kifuani pangu juu kidogo, akakirudisha, akatoka kwenda kumwita daktari bila kunitazama.

Daktari alitazama kioo cha mashine kwa muda mrefu. Akasema kwa lugha yake kwamba mzizi wa mshipa mkuu, pale unapotokea moyoni, umetanuka hadi sentimita tano na nusu. Kaka, mdomo wangu ulifunguka wenyewe kuyatafsiri maneno yale. Niligeuza shingo kumtafuta mgonjwa, na kitandani hakukuwa na mtu ila mimi. Mshipa ule kwangu haukupaswa kufika hata nne. Neno "umelegea kidogo" lilinijia mdomoni, na safari hii nikalirudisha.

Kesho asubuhi nafanyiwa upasuaji. Watakata kipande kilichotanuka na kushona mrija wa kitambaa maalumu mahali pake. Ili waweze kushona, moyo watausimamisha, na mashine iliyo pembeni ndiyo itakayozungusha damu yangu. Daktari ameniambia wengi huamka. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatafsiria watu neno hilo, "wengi", na sikuwahi kujua lina ubaridi kiasi gani. Naogopa, Kaka. Naogopa hadi nahesabu mapigo yangu nikinywa chai, na kila moja nadhani ndilo litakalouchana mshipa.

Daktari aliniuliza kama kuna mtu kwetu aliyekufa ghafla. Akaninyoosha mikono, akavipima vidole vyangu, akauliza kama baba naye alikuwa na viungo virefu hivi. Nikamweleza jinsi yule fundi cherehani alivyokuwa akilalamika kwamba mashati yetu watatu, baba, wewe na mimi, yanakula kitambaa cha watu watano. Yeye hakucheka. Alisema ugonjwa huu unarithiwa. Akaniuliza baba alikufaje.

Hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito.

Wewe unajua habari ya Alhamisi ile: kwamba ulimwambia baba karakana yake ya useremala huitaki, mkatupiana maneno, na kabla ya jua kuzama akawa amekufa. Hujui habari ya Jumatatu. Jumatatu ile baba aliingia jikoni ameshika kifua, jasho linamtiririka, akaniambia kuna kitu kimechanika ndani yake, kutoka kifuani hadi katikati ya mabega, kama mtu anayepasua shuka. Akanikataza nisimwambie mtu, wewe hasa. Nikampa vidonge viwili vya maumivu, nikamsugua mgongo kwa dawa, nikanyamaza. Siku tatu nilimwona akitembea ameinama, na nikanyamaza. Nilimweleza daktari hayo yote, naye anasema inaelekea mshipa ulianza kuchanika Jumatatu ile ile, na angefikishwa hospitali huenda angepona.

Baada ya mazishi shangazi walipouliza nani alimuudhi marehemu, mimi ndiye niliyesema, "Muulizeni Kaka, ndiye aliyempasua baba moyo." Niliogopa wangeniuliza mimi. Nilikuona ukiinamisha kichwa, na kesho yake ulifungasha nguo zako. Miaka tisa umebeba mzigo uliokuwa wangu. Leo asubuhi nimewapigia simu shangazi wote wawili, nikawaambia kama nilivyokuandikia. Mkubwa alilia. Mdogo alikata simu. Kwako sikuthubutu kupiga, ndiyo maana naandika.

Sasa nisikilize. Usinyanyue mfuko mwingine wa saruji. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe, uwachukue na watoto, ukawaambie hivi bila kupunguza neno: baba yetu alikufa ghafla kwa maumivu ya kuchanika kifuani na mgongoni, dada yangu ametanuka mshipa mkuu wa moyo, nataka moyo wangu na wa wanangu upimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Hakiumi kipimo hicho, ni baridi tu. Wakikuambia wewe ni mzima wa afya, usikubali kuondoka bila kupimwa. Mimi pia nilikuwa mzima wa afya.

Msalimie sana wifi. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda. Nikiamka nitakupigia, nisipopiga, usiningoje, nenda.

Unichukie ukitaka, Kaka, ni haki yako. Ila unichukie ukiwa umeshapimwa.

Ndimi mdogo wako,
wa tumbo moja nawe.