Namba ya Mama kwenye Fomu

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Baba amepaka rangi jikoni, na paka wako anazidi kunenepa kwa uvivu.

Mwezi huu nilituma maombi ya chuo cha biashara. Nilipokwisha kuyatuma ndipo nikagundua kosa: penye namba ya mzazi niliandika ya marehemu mama. Alinikaririsha tangu chekechea, mkono ukaenda wenyewe. Niliogopa wataniona mwongo, waninyime nafasi. Jumatatu nikaenda ofisini kwao kuungama.

Karani alifungua faili akacheka. "Binti, fomu yako inasema umezaliwa mwaka huu! Ijumaa tukampigia mama yako, akatutajia tarehe sahihi mpaka saa. Akasema, 'Msamehe, huyo ana pupa tangu tumboni.' Nafasi umepata."

Nilishukuru. Simu ya mama imo kabatini, imezimwa tangu mazishi. Nilipofika nyumbani niliishika, ilikuwa baridi kama kijiko.

Mama mdogo, sauti zenu zilifanana sana. Je, laini yake ulibaki nayo wewe? Kama unayo, niandikie haraka nicheke, maana Baba sijamwambia. Kama huna, tafadhali usinijibu.

Kabla sijaondoka ofisini, karani alinipa kalamu, akauliza kama kuna kingine cha kusahihisha. Nilisema hakuna.

Wako mwenye pupa,
Kitinda mimba wa dada yako