Ng'ombe wa Marehemu Wananikimbia

Mpendwa mshauri Bi. Bushra,

Kwa heshima na taadhima naomba msaada wako, kwani lililonifika halisemeki mbele ya watu. Kaka yangu Huka alipofariki nilimrithi mkewe, Darmi, pamoja na ng'ombe wake, kama ada yetu Waorma inavyoelekeza, na tangu wiki ya ndoa sehemu zangu za siri zinawaka moto, ngozi inachubuka na kutoa vilengelenge, nami nikashuku herpesi, ule ugonjwa wa zinaa wa malengelenge, nikapimwa damu Garsen, nikapimwa tena Malindi, ingawa kwa haya sikukubali kuvua nguo, na kote wakasema sina, ilhali mwili unasema ninayo. Usafi sijauacha, kwa maana tangu nilipotolewa kupe kinenani, siku chache kabla ya ndoa, hujiosha kila magharibi kwa maji yenye dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo naiamini kuliko sabuni. Linalonitisha zaidi ni kwamba ng'ombe wa marehemu hurudi nyuma nikiwakaribia, masikio yamesimama, wakinitazama wote kwa pamoja bila kulia, na Darmi aliniambia kwa sauti ya chini, "Huka hawakumkimbia hivi." Kitandani sisogei upande wake, kwani nahisi nafasi ile imeshalaliwa. Je, marehemu amekataa? Ijumaa wazee wanakuja, nami nimeazimia kutoa talaka.

Wako mtiifu,
H., Minjila

Ndugu H.,

Pole. Moto huo ni wa kweli, wala sikucheki. Lakini jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Dawa ya kuulia kupe unaipaka kila siku penye ngozi laini kama kope, kisha unamsingizia maiti? Na ng'ombe, mfugaji mzima wewe, hujui wanavyoikimbia harufu ya josho wanamoogeshwa dawa hiyo? Wanaona josho linawajia kwa miguu miwili.

Acha dawa hiyo leo, jioshe kwa maji matupu. Vipimo viwili vimeitazama damu yako. Ngozi yako hakuna aliyeiona. Rudi kliniki, omba daktari mwanamume, vua, akukague, apime majimaji ya kilengelenge kibichi kikiwapo, na umwonyeshe chupa ya dawa. Tendo la ndoa lisubiri mpaka akuruhusu, ila mwambie Darmi sababu. Mwanamke huyo amezika mume mmoja, na sasa wa pili anamkwepa. Unadhani yeye anaogopa nini?

Ijumaa wape wazee chai, talaka usiitaje. Kisha lala upande wake. Pale hapajalaliwa na mtu. Pana Darmi peke yake, naye yuko macho.